STAA ASHUKA MELINI UNGUJA NA FAMILIA NZIMA, AKIMBILIA PICHA ZA KISIWANI… BI MKUBWA ABAKI KULINDA MIKOBA!

Wadau, kuna klipu imewagawa watu mitandaoni. Mwanamitindo mmoja wa Kibongo anayeishi Ulaya, mwenye wafuasi kibao, alipanda ile meli kubwa ya kitalii na mumewe, watoto wawili (mmoja ana miaka 9, mwingine 4) na mama yake mzazi, bi mkubwa kutoka Tingi, Wilaya ya Nyasa, huko Ruvuma.

Meli ikatia nanga Unguja asubuhi. Saa 10 jioni kila abiria awe ndani. Yaani siku moja tu ya kutembea nchi kavu, na ya kwanza kwa bibi kutembea Zanzibar na wajukuu zake.

Staa akachagua kisiwa cha matumbawe. Picha zilizopostiwa ni kali, hakuna ubishi: maji ya bluu, miwani ya kuogelea, mtoto mkubwa anacheka mpaka jino la mwisho. Tatizo ni ile klipu fupi. Bi mkubwa kakaa chini ya mti na kanga yake, mikoba minne miguuni, yule mdogo analia mapajani. Mwanaye anamuuliza, "Mama, unaenjoi?" Bibi anajibu taratibu: "Mwanangu, samaki wa rangi hata kwetu ziwani wapo. Mie nilitaka kuwaona wale kima."

Basi moto ukawaka. Timu staa wanasema aachwe ale bata, hela ni yake. Timu bi mkubwa wanasema kamtesa mzazi wake. Ukweli uko katikati, ila umeelemea zaidi upande wa bibi.

Kwanza, kisiwa hakina kosa. Chumbe, kwa mfano, ni hifadhi ya matumbawe tangu 1994, na ni ya mfano kweli: umeme wa jua, maji ya mvua, vyoo visivyotumia maji, na wageni wa kutwa wanapokewa wachache tena kwa kuweka nafasi mapema. Anayejua kuogelea akiweka uso kwenye yale maji hatasahau. Lakini raha yenyewe iko chini ya maji. Asiyeingia majini, bibi wa miaka sitini na kitu au mtoto wa miaka 4 anayeogopa mawimbi, anabaki kutazama migongo ya wenzake.

Sasa angalia alichokuwa anakitaka bi mkubwa. Jozani iko kama kilomita 35 kutoka mjini, barabara ya lami, unafika na gari. Ni Hifadhi ya Taifa tangu 2004. Kuna kima punju, wale wenye mgongo mwekundu na nywele kama wametoka kugombana na kinyozi, ambao asili yao ni Unguja. Wanakula hadi mkaa! Msitu una kivuli, njia inatembeka, na kwenye mikoko kuna daraja la mbao. Bibi anatembea mwendo wake, mtoto anaonyeshwa kima juu ya kichwa chake, na baba naye anapata picha. Hakuna anayelinda mikoba.

Na kama safari ya gari ingekuwa ndefu kwao, kuna Changuu, boti fupi tu kutoka Forodhani. Kule kuna kobe wakubwa ambao wazee wao waliletwa kama zawadi kutoka Shelisheli mwaka 1919. Jengo la gereza lipo, ila halikuwahi kufunga wafungwa, liligeuka kuwa karantini. Mtoto wa miaka 4 mbele ya kobe mkubwa kuliko yeye hana habari na simu ya mtu.

Kwa hiyo kwenye siku moja ya familia, sehemu isichaguliwe na mwenye miguu mizuri kuliko wote. Ichaguliwe na mdogo kabisa na mzee kabisa. Hao wawili wakifurahi, wengine wote watafurahi. Ukianza na mwenye kamera, kuna mtu atageuzwa kabati la nguo.

Wengine wanasema wangegawana: baba na mkubwa kisiwani, mama na bibi na mdogo Jozani. Sawa, si wazo baya, ila hiyo ndiyo siku pekee waliyokuwa nayo pamoja nyumbani Tanzania. Kuigawa mara mbili ni hasara yake nyingine. Halafu saa nazo. Aliyekodi gari au boti mwenyewe akichelewa, meli haimsubiri, anaifuata bandari inayofuata kwa nauli yake. Makundi mawili ni hatari mara mbili. Hapo presha inapanda, na bibi anakimbizwa kama yuko mwendokasi.

Jambo jingine ambalo timu zote mbili zimelikwepa: hifadhi siyo studio. Kwenye picha moja staa kasimama juu ya matumbawe. Yale siyo mawe, ni viumbe hai, na unyayo mmoja unaua kilichokua miaka mingi. Jozani nako ni hivyo hivyo: kima hashikwi, halishwi, hasogelewi kwa ajili ya selfie, maana magonjwa yanatoka kwake kuja kwako na kwako kwenda kwake. Mwenye wafuasi wengi akikosea, wafuasi nao wanaiga. Hilo ndilo la kumlaumu zaidi kuliko hela zake.

Turudi kwa yale maneno ya bi mkubwa, maana watu waliyachekea tu. "Hata kwetu ziwani wapo." Bibi hakuwa anadanganya! Ziwa Nyasa lina mamia ya aina za samaki, wengi wao hawapo ziwa lingine lolote. Wale wadogo wa kwenye mawe, wa bluu na njano, ndio wanaonunuliwa Ulaya kuwekwa kwenye matangi ya kioo sebuleni. Upande wa Malawi, sehemu ya ziwa hilo iko kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu 1984. Upande wa Ruvuma kuna Mbamba Bay na Liuli, mchanga, mawe makubwa na milima nyuma yake, na lami ya kilomita 66 imeshatoka Mbinga mpaka Mbamba Bay. Hakuna geti la kifahari wala mtu wa kukupangia picha. Kuna mitumbwi, mbasa wa kuchoma na ugali wa muhogo.

Wale watoto wamezungushwa bahari nzima kuonyeshwa samaki wa rangi, wakati ziwa la bibi yao hawajawahi hata kuligusa. Hapo ndipo ile klipu inapouma. Bibi hakuwa analalamikia kivuli cha mti. Alikuwa anakumbusha kwamba na yeye ana kwao, na kwao kuna uzuri.

Staa ana nafasi ya kurekebisha. Likizo ijayo aache meli, apande gari mpaka Songea, Mbinga, Tingi, halafu ateremke ziwani. Safari hiyo bi mkubwa ndiye awe gaidi wa msafara, na mikoba ashike mwenyewe mwenye mikoba.

Haya wadau, ungekuwa wewe una bibi, mtoto wa miaka 4 na saa nane tu za Unguja, ungeenda Chumbe, Jozani au Changuu? Dondosha komenti yako, matusi hapana.