Sheria ni Msumeno, Hata kwa Rangers

Dawa ya deni ni kulipa. Akopaye akakawia kulipa, hata akiwa ndiye tajiri wa mtaa mzima, ipo siku atagongewa mlango. Mwaka 2012 mlango uliogongwa ulikuwa wa Rangers ya Glasgow, klabu iliyoasisiwa mwaka 1872 na iliyokuwa imekwisha kutwaa ubingwa wa Uskoti mara 54. Mdai mkubwa alikuwa serikali, na deni lenyewe lilikuwa la kodi. Lakini hata klabu nyingine zilikuwa zikidai chao. Mwezi Juni wadai walikataa mapatano ya kulipwa sehemu tu ya haki yao. Kampuni ya zamani ikafilisika, na mali yake, pamoja na uwanja wa Ibrox, ikauzwa kwa kampuni mpya.

Hapo ndipo lilipozuka swali ambalo, kwa maoni yetu, linazidi mpira. Je, Rangers hii iliyonunuliwa upya irudishwe juu kama kwamba hapakutokea neno, au ianze chini kama mgeni yeyote?

Wakubwa wa kandanda ya Uskoti waliogopa. Walisema bila Rangers fedha za televisheni zitapungua na klabu ndogo zitaumia. Walipoona klabu za Ligi Kuu zimekataa kuipokea katika kura ya tarehe 4 Julai, walitaka angalau iwekwe daraja la pili kwa ukubwa, ili baada ya mwaka mmoja irejee kileleni. Mashabiki wa klabu nyingine walishikilia kwamba wataacha kununua tiketi iwapo sheria itapindwa. Tarehe 13 Julai klabu 30 za madaraja ya chini zilikutana, na 25 kati yake zikaamua Rangers ianze katika Daraja la Tatu, yaani ngazi ya nne na ya mwisho ya ligi.

Tuutazame uamuzi huo vizuri. Klabu hizo hazikuwa na mali. Nyingi zilitegemea watu mia chache uwanjani siku ya mechi. Ziliambiwa wazi kwamba haki itazigharimu, nazo zikachagua haki. Si wengi wenye njaa wanaokataa sahani kwa sababu ya namna ilivyopatikana.

Basi msimu ukaanza. Tarehe 11 Agosti Rangers walisafiri hadi Peterhead, mji wa wavuvi ulioko kaskazini-mashariki, ukingoni mwa bahari. Wengi walidhani wenyeji watazamishwa mabao. Ilibidi Rangers wasawazishe dakika za mwisho kabisa ili watoke sare ya 2-2. Juma moja baadaye watu 49,118 walifika Ibrox kutazama mechi dhidi ya East Stirlingshire, umati ambao daraja lile halikuwahi kuuona.

Mwezi Oktoba ikaja zamu ya Stirling Albion, timu iliyokuwa mkiani na ambayo mali yake ni ya mashabiki wenyewe. Siku hiyo mwalimu wake hakuwako uwanjani. Alikuwa akifunga ndoa. Vijana wake walimpa zawadi ya harusi: Stirling 1, Rangers 0. Mwezi Machi 2013 Annan, klabu ya mji mdogo karibu na mpaka wa Uingereza, iliwafunga Rangers 2-1 pale pale Ibrox. Mwezi Aprili Peterhead nao wakaingia uwanja huo huo na kutoka na ushindi.

Hatusemi kwamba yote yalikuwa mazuri. Kombe halikuwa na mashindano ya kweli. Rangers walilitwaa mwezi Machi zikiwa zimesalia mechi tano, na wakamaliza na pointi 83, pointi 24 mbele ya Peterhead. Klabu nyingine tisa zilinyimwa msimu wa kuota ubingwa. Wala mashabiki wa Rangers hawakuwa wao waliokataa kulipa kodi, na bado ndio waliobeba aibu. Kwa hilo wanastahili heshima: hawakuitupa timu yao ilipoanguka.

Lakini yale maangamizi yaliyotabiriwa hayakuja. Kandanda ya Uskoti haikufa. Rangers walipanda ngazi kwa ngazi, wakakwama mwaka mmoja, wakarudi Ligi Kuu mwaka 2016, na mwaka 2021 wakawa mabingwa bila kufungwa hata mechi moja ya ligi. Na aliyepanda kwa miguu yake hana wa kumsimanga kwamba alibebwa.

Sisi tunaona funzo hapa kwa kila chama, kila klabu na kila baraza lenye katiba. Mara ngapi husikia tukiambiwa, "Huyu ni mkubwa mno, tukimgusa sote tutaumia"? Maneno hayo yana sura ya busara, lakini ndani yake mna hofu. Sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma. Ukiona unakata upande mmoja tu, jua ni kisu, na mpini wake umo mkononi mwa mtu.