TAA KWANZA, PANGA BAADAYE

Ndugu wanaushirika na wanakijiji wote msomao gazeti letu la ukutani,

Katika mkutano uliopita, baada ya kumaliza habari za salfa na magunia, ilizuka hoja ya wezi. Ilisemwa kwamba msimu wa korosho umekaribia, fedha zitaingia, na wezi wa usiku nao wana kalenda yao kama sisi. Hapo ndugu mmoja akasimama akasema: "Mwaka huu atakayegusa mlango wangu usiku, nakata kwanza, taa nitawasha baadaye." Watu wakapiga makofi. Wengine wakaongeza kwamba ushirika utenge fedha za kutafuta magobore. Makofi yale ndiyo yaliyonifanya niombe nafasi ukutani hapa.

Kwanza nieleweke. Simtetei mwizi. Mtu aliyepalilia, akapulizia dawa, akaokota korosho moja moja kwa mgongo uliopinda, ana haki ya kuilinda nyumba yake na watoto wake. Sheria inampa haki hiyo. Ninalolipinga ni lile neno "kwanza".

Yako mambo yaliyotokea, na yafaa tuyajue kabla hatujapiga makofi tena.

Tarehe 17 Oktoba 1992, katika mji wa Baton Rouge, jimbo la Louisiana, Marekani, kijana wa Kijapani wa miaka 16 alialikwa karamu. Alikuwa mwanafunzi mgeni, anakaa na familia ya huko. Akaenda pamoja na kijana wa familia ile, wakaikosea nyumba. Wakabonyeza kengele. Mama mwenye nyumba akafungua mlango wa ubavuni, akawaona, akaogopa, akaubamiza mlango, akamwita mumewe alete bunduki. Vijana wale wakaanza kuondoka zao. Sikilizeni vizuri hapo: mlango umefungwa, wageni wameshageuka kuondoka, hatari gani imebaki? Lakini mume akatoka na bastola. Yule Mjapani alipoona mlango umefunguliwa tena, akarudi kwa furaha akisema wamekuja kwenye karamu. Mwenye nyumba akamwamuru asitikisike. Kijana akaendelea kumkaribia. Risasi moja ya kifua, basi.

Kesi ilipofika mahakamani mwaka 1993, baraza la wazee wa mahakama lilimwachilia mwenye nyumba. Mwaka 1994 kesi ya madai ikaamuliwa kinyume, akatakiwa kuwalipa wazazi dola zipatazo 650,000. Wazazi walikusanya kwao Japani saini zaidi ya 1,700,000 za watu waliotaka bunduki zipunguzwe majumbani mwa Wamarekani, wakazifikisha kwa Rais Bill Clinton. Lakini mtoto hakurudi.

Wapo watakaosema hayo ni ya Wamarekani, wao wana bunduki kama sisi tulivyo na majembe. Haya, turudi nyumbani. Tarehe 1 Oktoba 2016, katika kijiji cha Iringa Mvumi, wilaya ya Chamwino, mkoa wa Dodoma, walifika watafiti wawili wa kilimo kutoka kituo cha Selian, Arusha, pamoja na dereva wao. Walikuja kwa kazi ya udongo, kazi ya kumsaidia mkulima kama wewe na mimi. Ukapigwa ukunga kwamba ni wanyonya damu. Watu wakakusanyika, wakawaua wote watatu, na gari lao likachomwa moto. Hakuna aliyehitaji bunduki pale. Na ilikuwa mchana! Hata jua, ndugu zangu, halikuwa taa ya kutosha kwa watu waliokwisha kuamua.

Sasa nataka tufikirie kidogo juu ya mtu asiyejibu. Maana najua jawabu lenu: "Mimi nitauliza nani wewe, asipojibu nakata." Kwani asiyejibu ni nani? Kila msimu wanatujia vibarua, na wengine wamevuka Ruvuma kutoka Msumbiji. Wanajua Kimakonde na Kireno, Kiswahili chao ni cha kuokota njiani. Ukimfokea usiku "Simama hapo hapo!" huenda akafanya kama yule Mjapani, akakusogelea aeleze shida yake. Wapo pia bubu na viziwi. Wapo wazee wetu ambao akili zimechoka, wanaamka usiku wa manane wanatafuta nyumba waliyozaliwa, iliyobomoka zamani. Mwenzangu, huyo hatakujibu, ama atakujibu kwa jina la marehemu. Yupo mtoto wa jirani anayetetemeka kwa sababu mama yake ameshikwa na uchungu na hapati maneno. Na yupo mlevi, sitamtaja, kila mtaa una wake, anayesukuma mlango wa jirani akidhani ni wake na kuukasirikia kwa nini umefungwa. Huyo anastahili kukemewa, hata kutozwa faini na kijiji. Hastahili panga la shingo.

Kuna hoja moja nzito upande wa pili, nayo sitaikwepa. Majambazi nao hubisha hodi. Wanajifanya wageni, wanaomba maji, mlango ukifunguka wameshaingia. Kweli kabisa. Lakini hoja hiyo inatufundisha tusifungue mlango ovyo. Haitufundishi tutoke na panga. Aliye ndani ya nyumba iliyofungwa, mwenye sauti, mwenye simu na mwenye majirani, ana nguvu kuliko aliye nje gizani. Akitoka peke yake na panga, nguvu zote hizo ameziacha kitandani. Akikuta kweli ni majambazi watatu, panga lake moja litamfaa nini?

Na sheria yetu inasemaje? Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, katika kifungu cha 18B, inasema anayejilinda atumie nguvu ya kiasi kinacholazimu tu, na atakayezidisha atajibu kwa kile alichozidisha. Kudhani kimakosa nako sheria inakusikiliza, lakini dhana yako iwe ya kweli moyoni na iwe na sababu ya maana. "Nilisikia mlango unagongwa" si sababu ya maana ya kumkata mtu. Kuua bila kukusudia adhabu yake yaweza kufika kifungo cha maisha. Wenzetu wa Afrika Kusini wameliona hilo katika kesi ya mwanariadha Oscar Pistorius. Mwaka 2013 alipiga risasi nne kupitia mlango wa choo nyumbani kwake, akasema alidhani ni mwizi. Kumbe ndani yumo mchumba wake. Mahakama ya Rufani mwaka 2015 ilisema ni kosa la kuua kwa kukusudia, maana aliyefyatua alijua nyuma ya mlango yumo mtu na kwamba mtu huyo, awe nani, aweza kufa. Kifungo kikafika miaka 13 na miezi mitano. Huyo alikuwa tajiri mwenye mawakili wakubwa. Wewe wakili utamlipa kwa kilo ngapi za korosho?

Kwa hiyo basi mimi naleta hoja nyingine. Fedha zile za magobore (na gobore lisilo na kibali ni kosa jingine juu ya kosa) zinunue tochi na filimbi, kila nyumba ipate. Anayebishiwa hodi usiku asifungue na asitoke. Awashe taa, aulize kwa sauti jina na umetoka kwa nani, aulize mara tatu, na kwa lugha nyingine kama anaijua. Asiporidhika apige filimbi, na jirani anayeisikia aamke. Hapo ndipo tulipolegea. Zamani ukunga ukipigwa hakuna aliyebaki amelala; siku hizi mtu anaongeza sauti ya redio.

Na sisi tunaopokea wageni tusijifanye hatuhusiki. Simu zipo. Mgeni wako akichelewa basi akaingia saa sita usiku, ni juu yako umsubiri barabarani au umwambie mwenyekiti wa kitongoji na watu wa ulinzi kwamba fulani yuko njiani. Vibarua nao waandikwe katika daftari la wageni siku ile ile wanayofika, waoneshwe nyumba na majirani zake. Tunasema mgeni njoo mwenyeji apone. Basi mwenyeji naye amjulishe mgeni njia isiyomfikisha kwenye panga la mtu.

Nitaitoa hoja hii kwa mdomo katika mkutano ujao, kabla ya habari za mizani, maana tukifika kwenye mizani hatutatoka. Yule ndugu wa "kata kwanza" namwomba asikose. Nitakaa karibu naye, na namwomba aje na jibu la swali moja tu: usiku ule alipotoka hospitali ya wilaya na mtoto mgongoni, mvua inanyesha, aligonga mlango wa nani?

Ni mimi,
Mwanaushirika mwenzenu