Njia ya Mwongo ni Fupi

Tangu mwaka 1922 insulini imewaweka hai watu wengi wenye maradhi ya kisukari. Nani angedhani kwamba dawa hiyo ingeweza kugeuzwa silaha?

Usiku mmoja wa Mei 1957, mjini Bradford, Uingereza, muuguzi Kenneth Barlow alitoa habari kuwa mkewe, Elizabeth, amezama bafuni. Alidai kuwa alijitahidi sana kumrudishia pumzi. Hata hivyo nguo zake za kulalia zilikuwa kavu, na maji yalikuwa yangali yametuama katika vikunjo vya mikono ya marehemu. Tena, mboni za macho yake zilikuwa zimetanuka mno.

Wataalamu walipima sumu zote walizozijua, wasione kitu. Ndipo walipoikagua ngozi kwa kioo cha kukuzia, wakakuta alama za sindano makalioni. Walichukua nyama ya mahali hapo, wakaikamua, na maji yake wakawadunga panya. Panya wakatetemeka, wakazirai, wakafa, sawasawa na wenzao waliodungwa insulini halisi.

Kulikuwa na kitendawili. Insulini ni protini, nayo ilidhaniwa huoza upesi katika maiti. Kumbe asidi inayojikusanya katika misuli baada ya kifo ndiyo iliyoihifadhi! Desemba mwaka huohuo Barlow alihukumiwa kifungo cha maisha.

Siku hizi maabara haihitaji panya. Kongosho linapotengeneza insulini, hutoa pia kipande kiitwacho peptidi C, kwa kiasi kilekile. Insulini ya chupa haina kipande hicho. Kwa hiyo, insulini nyingi ikionekana katika damu na peptidi C ikawa haba, ni dalili kubwa kuwa dawa imetoka nje ya mwili. Ziko pia mitambo ya kupima uzito wa molekuli, nayo hutofautisha insulini ya binadamu na zile zilizobadilishwa viwandani.

Mwenye mgonjwa nyumbani asiiogope dawa hii; aiheshimu. Chupa na sindano ziwekwe mbali na watoto, na kipimo kiwe kile cha daktari. Mgonjwa akitokwa jasho na kutetemeka baada ya sindano, naye angali na fahamu, apewe maji ya sukari upesi. Akizirai, asinyweshwe kitu, bali akimbizwe hospitali.

Na anayedhani kwamba tone la dawa halina ulimi, amkumbuke muuguzi wa Bradford.