Miaka 46: Mzee kwa Ajira, Kijana kwa Pensheni

Makamanda, tukishika maiki tunaongelea ajira za vijana tu. Na mimi ni mmojawapo. Leo naomba mnivumilie.

Wiki iliyopita kaka mmoja wa mtaani kwetu alikuja steshenari ninapofanya kazi, na bahasha yake ya vyeti. Alitunza stoo kiwandani miaka 17, kisha wakapunguza watu. Kiinua mgongo cha kisheria ni mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka, mwisho miaka 10. Yaani siku 70, hata kama umetumika 17! NSSF wakamlipa theluthi ya mshahara kwa miezi 6, basi.

"Mdogo wangu, nifungulie hiyo Ajira Portal."

Namba ya NIDA anayo, vyeti anavyo, tukahangaika na mtandao karibu saa nzima. Tukapata tangazo la kazi ya ghala, ileile anayoijua. Sharti la kwanza: umri usiozidi miaka 45, isipokuwa walioko tayari kazini serikalini. Yeye ana 46.

"Sasa hapa tunabonyeza wapi?" akaniuliza. Nikataka nimrudishie hela yake, akakataa kuipokea.

Pensheni yenyewe hawezi kuigusa mpaka afikishe 55. Kwa hiyo kwa miaka 9 huyu mtu ni mzee mno kuajiriwa na mdogo mno kustaafu, na ada za watoto hazisubiri. Aende sekta binafsi? Pitia makundi ya ajira ya WhatsApp uone: "awe na miaka 20 hadi 35". Wakati kifungu cha 7 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 kinataja umri waziwazi kati ya mambo ambayo mwajiri haruhusiwi kumbagulia mtu.

Najua utetezi wao. Pensheni inahitaji michango ya miezi 180, na ukiajiriwa una 45 utaitimiza ukiwa na 60, umri wa kustaafu kwa lazima. Sawa. Lakini huyu kaka ameshachangia miezi zaidi ya 200! Na asiyetimiza, si apewe mkataba wa miaka mitatu mitatu?

Halafu tazama Katiba. Urais unaruhusiwa kuanzia miaka 40, ubunge kuanzia 21, na kote huko hakuna umri wa juu. Mtu wa 70 anatunga sheria, wa 46 haruhusiwi kuhesabu magunia. Hii nchi bwana.

Msimamo wangu: sharti la 45 liondoke kwenye matangazo ya serikali, na fao la kujitoa lililofutwa 2018 lirudi, maana hela ni ya mchangiaji. Tuyaingize haya kwenye madai yetu ya vijana, tusione aibu. Mkutano ujao wa kata nimeomba dakika 10. Maiki nitampa yeye, na bahasha yake.