Mdudu Asiye na Jina Anatumalizia Vitunguu

Mwanzoni mwa mwaka huu, jua likiwa kali, nilimtembelea shemeji yangu huko Kieni, katika Kaunti ya Nyeri. Nilimkuta shambani kashika tama. Majani ya vitunguu vyake yalikuwa na mabaka ya rangi ya fedha, na ncha zake zimekauka. Alikuwa amenyunyiza dawa ya ukungu mara tatu bila nafuu.

Jirani aliyesomea kilimo aling'oa kitunguu kimoja, akakikung'uta juu ya karatasi nyeupe. Vikaanguka vijidudu vyembamba vya manjano, visivyozidi milimita mbili. Shemeji akanigeukia: "Wewe ndiwe daktari wa Kiswahili. Hawa huitwaje?"

Nilinyamaza.

Waingereza huwaita "thrips", jina walilolitoa katika Kiyunani. Miongoni mwetu kila mtu ana lake: huyu husema thripsi, yule vithiripi, mwingine chawa wa mimea. Wengi husema "wadudu" tu, au hudhani ni ugonjwa.

Msomaji ataniuliza: je, jina huua mdudu? La, haliui. Lakini ni vigumu mtu kuulizia dawa ya kitu asichoweza kukitaja. Shemeji alifika dukani akasema majani "yanaungua", akauziwa dawa ya ukungu. Hakudanganywa, alijibiwa alichouliza.

Mdudu huyu hujificha katikati ya majani machanga, akayakwaruza na kufyonza utomvu wake. Hutaga mayai ndani ya jani lenyewe, na kabla ya kukomaa huteremka udongoni. Ndiyo maana dawa inyunyizwayo mara moja huua baadhi na kuwaacha wengine, na dawa ile ile ikirudiwa kila mara, wadudu huizoea. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Maarifa hayo yamo vitabuni, ila vingi vya vitabu hivyo ni vya Kiingereza.

Katiba ya mwaka 2010 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi sawa na Kiingereza. Je, urasmi huo ukomee katika hotuba? Sisi wanaisimu tumebishana miaka na mikaka kuhusu istilahi za fonolojia, ambazo hazijawahi kuokoa hata kitunguu kimoja. Nakiri kwamba nami nimo.

Rai yangu ni kwamba wanaisimu, wataalamu wa kilimo na wakulima wenyewe wakae pamoja, wakubaliane jina moja kwa kila mdudu mharibifu, kisha jina hilo liandikwe kwenye chupa za dawa pamoja na dalili zake. Mimi ningechagua "kithiripi", kwani linaketi vyema karibu na kipepeo, kiroboto na kidukari. Wakulima wakiwa na lililo bora, nitalipokea.

Vitunguu vya shemeji vilitoka vidogo kama ndimu, na bei aliyopewa haikurudisha gharama ya dawa. Hajanilaumu. Lakini swali lake lingali linanidai jibu.