Ukinunua injini ya gari kwa ajili ya pampu, nunua na rejeta yake

Kiangazi kinakaribia na simu ninazopigiwa ni zilezile: "Bwana shamba, injini ya pampu imekufa, nimepata ya Toyota 3L, niifunge?" Jibu langu: funga, ila usinunue injini pekee. Chukua na rejeta, feni, kava ya feni na mipira yake, vyote vya gari lilelile. Najua mtasema naongeza gharama. Nisikilizeni kwanza.

Injini ya dizeli ikiwa kazini, karibu theluthi ya nguvu ya mafuta inaishia kuwa joto kwenye maji ya rejeta. Gari lina upepo wa mwendo, na likifika mteremko linapumzika. Pampu haina mteremko. Inavuta kwa mzigo uleule muda wa saa tano mfululizo, imesimama palepale juani. Halafu fundi anaiwekea rejeta ya kigari kidogo cha petroli kwa sababu eti "imeingia kwenye fremu". Kuingia siyo kutosha.

Seti kamili ikikosekana, kagua haya kabla hujalipa:

Rejeta. Isiwe ndogo wala nyembamba kuliko ile ya asili. Midomo yake ilingane kipenyo na ya injini. Nenda dukani na mpira wa zamani mkononi, siyo picha ya simu.

Feni. Kwenye gari la aina hii feni hukaa kati ya rejeta na injini, inavuta hewa kupitia rejeta. Weka karatasi mbele ya rejeta injini ikiwaka: inapaswa kunasa. Ikipeperuka, feni inasukuma hewa badala ya kuivuta. Bila kava, feni inazungusha hewa ya moto ileile.

Mpira wa chini. Huu unavutwa na pampu ya maji ya injini. Ukiwa laini, unajibana ukiongeza mafuta, maji yanakatika wakati yanahitajika zaidi. Tafuta mgumu uliopinda tangu kiwandani, au wenye springi ndani.

Kifuniko. Kimeandikwa 0.9 au 1.1; fuata cha injini yako. Presha ndiyo inayochelewesha maji kuchemka. Kwenye mita 2,000, maji yasiyo na presha yanachemka kwenye nyuzi 93 hivi. Na mdomo wa kujazia uwe juu kuliko injini, la sivyo hewa inabaki ndani.

Thermostati. Hapa ndipo sikubaliani na mafundi wengi. Injini ikichemka, wanaing'oa. Kwenye injini nyingi, thermostati ikifunguka huziba pia njia ya mkato. Ukiitoa, njia hiyo inabaki wazi na sehemu ya maji moto inarudi kwenye injini bila kupita kwenye rejeta. Yaani umeondoa dawa ukidhani ni ugonjwa. Weka mpya, ni kati ya spea za bei ndogo kwenye injini nzima.

Wapo wanaosema kuokoteza kipande kimoja kimoja ni nafuu. Siku ya kununua, ni kweli. Lakini hesabu ya mkulima wa biashara haiishii dukani. Nyanya zikiwa kwenye maua, gasketi ya hedi ikaungua na hedi ikapinda, utakaa siku kadhaa unasubiri spea kutoka Dar huku maua yanapukutika. Pengo hilo la mavuno hakuna mnunuzi atakayekulipia, na mkopo wa pembejeo haujali pampu ilichemka au la.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: injini isiyo na mfumo wake wa kupozea bado hujainunua, umelipia nusu. Funga geji ya joto, kisha endesha pampu ikivuta maji kwa mzigo kamili kwa saa mbili mchana wa jua kali. Fanya hivyo miche ikiwa bado kitaluni. Sindano ikitulia, hamisha miche. Ikizidi kupanda, zima, na umshukuru Mungu kwamba shamba bado ni tupu.