Barua za Mhasibu Zisomwe Hewani

Kwa Mkurugenzi Mkuu wa BBC,
Broadcasting House, London.

Mheshimiwa,

Jirani yangu hapa Uingereza, bibi aliyekula chumvi nyingi, akinikaribisha chai hukumbuka Jumamosi za ujana wake: familia nzima mbele ya televisheni, waimbaji wenye sauti za kutoa nyoka pangoni. Kisha hunitazama usoni, akanyamaza.

Simlaumu. Nami nina kumbukumbu yangu ya BBC. Idhaa yenu ya Kiswahili ilianza Juni 1957, na marehemu babu hakuruhusu mtu akohoe taarifa ya habari ikisomwa. Mwaka mmoja baadaye, Juni 1958, shirika lile lile likaanza kurusha The Black and White Minstrel Show: wanaume wa Kizungu waliojipaka weusi, macho na midomo imezungushiwa nyeupe, wakiimba na kucheka. Wanawake waliocheza nao waliachiwa nyuso zao. Mwaka 1961, Tanganyika ikipata uhuru, kipindi hicho kilituzwa Waridi la Dhahabu kwenye tamasha la televisheni kule Montreux, Uswisi.

Wanaokitetea husema zama zile hakuna aliyeona ubaya. Nyaraka zenu zinawakanusha. Mwaka 1962 mhasibu mkuu wenu, Barrie Thorne, aliwaandikia wakubwa wake kwamba kipindi kinawatusi watu weusi. Mhasibu, si mwanaharakati! Mwaka 1967 kundi la kupinga ubaguzi wa rangi, Campaign Against Racial Discrimination, liliwaletea ombi la kukikomesha, na Thorne akaandika tena. Oliver Whitley, msaidizi mkuu wa Mkurugenzi Mkuu wa wakati huo, alijibu kwamba hoja ya weusi inaeleweka, ila kwa faida yao wenyewe ni heri wanyamaze. Kipindi kikaendelea miaka kumi na mmoja zaidi, hadi 1978.

Na kama watu walipenda nyimbo tu, mbona Music Music Music, kipindi cha waimbaji wale wale bila masizi, hakikudumu?

Siombi kanda zichomwe, wala zirudishwe Jumamosi jioni. Mficha uchi hazai. Naomba kila kipande cha kipindi hicho kinapoonyeshwa, barua za Thorne na jibu la Whitley zisomwe papo hapo. Kisha zitafsiriwe, zisomwe pia katika idhaa ile aliyoisikiliza babu.

Nasubiri jibu lako.

Wako,
Msikilizaji wa siku nyingi